Na sisi tulioambiwa, tukamwambie nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi, na naomba msinikate katikati maana najua nimeandika ndefu. Kwenye ile safu yenu ya ushauri wa ndoa kuna dada aliandika kwamba mumewe kamkalisha chini kamwambia yeye anavutiwa na wanaume, tena tangu ujana wake, na amechoka kujificha. Mshauri wenu akamjibu mistari michache: asali sana, amuoneshe mume mapenzi zaidi, atabadilika tu, na siri ya ndoa isitoke nje. Basi. Toleo lililofuata wasomaji nao wakamjibu kwa meseji, wengi matusi kwa huyo mume, wengine fungasha leo leo na umtangaze kila mtu amjue, na mmoja akauliza kama dada alikuwa anajitunza kweli au alijiachia ndo maana. Nikasoma mpaka chini natafuta japo sentensi moja ya kumsaidia mtu ambaye usiku ule hajalala, hamna.

Mimi ni mwanaume. Mke wangu, mama wa watoto wangu, ndiye aliyeniambia kwamba anapenda wanawake. Kwa hiyo hili silisikii kwa jirani, na nina ugomvi mmoja na mshauri wenu pamoja na hao wasomaji, nao ni kwenye hilo la siri. Yeye anasema usimwambie yeyote, wao wanasema mwambie kila mtu, na ushauri wote huo unammaliza yule dada, mmoja taratibu mwingine haraka. Nitafika huko. Kuna mambo lazima yatangulie maana ndo yanayotangulia kichwani pia.

Kwanza lile swali la nimekosea wapi. Linakuja hata kama una akili zako timamu na umesoma. Mwanamke anajiuliza kama ni uzazi ulimharibu mwili, mwanaume anajiuliza kama ni ile miaka alikuwa anarudi kachoka anageukia ukutani. Na kwetu wanaume kuna nyongeza, watu wanacheka. Ukimwambia rafiki yako mke kakuacha kwa ajili ya mwanaume mwingine atakununulia kinywaji akupe pole, ukimwambia mke anapenda wanawake atakuangalia juu mpaka chini akuulize kwani kazi ilikushinda? Ndo maana wanaume wa aina yangu huwasikii kwenye safu zenu, sio kwamba hatupo.

Hakuna mume anayemgeuza mke, wala mke anayemgeuza mume. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa ya akili mwaka 1973, Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo mwaka 1990, na kwenye orodha yake mpya iliyoanza kutumika 2022 hata hili la transjenda, yaani mtu kujitambua kuwa wa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa, limetolewa kwenye kundi la magonjwa ya akili. Sitaki kuanzisha mdahalo hapa wa nani anakubali na nani anakataa, kila mtu ana msimamo wake na gazeti lenu limejaa hiyo midahalo. Ninachotaka ni kidogo tu. Kama sio ugonjwa hauna dawa, na kama hauna dawa basi mke hawezi kufanywa dawa. Zile zinazoitwa tiba za kumbadilisha mtu, vyama vya madaktari na wanasaikolojia vimeshasema hazifanyi kazi na zinaumiza, Malta ilizipiga marufuku 2016, Kanada na Ufaransa wakafuata 2022. Sasa unapomwambia yule dada amuoneshe mume mapenzi zaidi atabadilika, umempa kibarua kisicho na mwisho, na kila mwezi unaopita bila mabadiliko atajihesabia kuwa ni yeye aliyeshindwa.

La pili ni uongo. Kwa hiyo miaka yote hii alikuwa ananidanganya? Unachukua picha za harusi unazikagua sura moja moja kama polisi. Unakumbuka safari fulani, yule rafiki yake aliyekuwa anakuja sana, kila kitu kinabadilika maana, na hii nadhani ndo inauma kuliko hata kuachwa, kwamba mtu kaja kakuchukulia mpaka yaliyopita. Mimi naona kuna watu wa aina mbili na usiwachanganye. Yupo aliyejua wazi, akakuoa ili uwe pazia lake, maisha yake akaendelea nayo nyuma ya pazia. Na yupo aliyedhani ndoa itamtuliza, akajilazimisha, akakupenda kwa namna anayoweza, mwisho akashindwa. Mke wangu ni huyu wa pili na ninamwamini, ingawa haikuja siku ya kwanza. Wapo hata wasiojua kabisa mpaka wamefika umri mkubwa. Una haki ya kuuliza wako ni yupi, na una haki ya kusubiri kabla ya kuamini jibu.

Alafu hapo hapo niseme kitu ambacho watu wa upande wa pili hawapendi kukisikia. Kama alikuwa anatoka nje ya ndoa, alitoka nje ya ndoa. Kufunguka kwake hakufuti hilo. Mtu anaweza kuwa jasiri kwa kusema ukweli kuhusu nafsi yake na wakati huo huo akawa amekudhulumu wewe, yote mawili yakawa kweli, na hulazimiki kupiga makofi kwa la kwanza ili uruhusiwe kulia kwa la pili.

Na hilo linanileta kwenye afya, nalisema haraka maana halina mjadala. Nenda kapime. Hata kama kaapa hajawahi kumgusa mtu, nenda kapime, UKIMWI, kaswende, homa ya ini. Kama kuna jambo limetokea ndani ya siku tatu zilizopita kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ambazo lazima zianze kabla ya masaa 72 kupita, baada ya hapo hazisaidii. Na kipimo cha leo hakioni maambukizi ya wiki iliyopita, kwa hiyo rudia baada ya miezi mitatu. Wanaume wenzangu ambao wake zao wamesema wanapenda wanawake msidhani hili haliwahusu. Mshauri wenu angeandika hayo tu na akaacha hizo sala kwa wenye kazi yao, angekuwa amemsaidia yule dada.

Sasa kuna kitu hakuna aliyenieleza na ningeambiwa mapema ningepunguza mayowe ndani ya nyumba. Siku anayokwambia, yeye yuko mwisho wa safari na wewe uko mwanzo. Yeye kalifikiria hili miaka, kalia peke yake bafuni, kasoma usiku kwenye intaneti, kaongea na watu ambao huwajui, mpaka siku anapofungua mdomo keshajiandaa. Wewe umepewa dakika. Yeye anashuka kwenye basi ambalo wewe ndo kwanza unapanda, na anashangaa kwanini hushuki naye. Wiki inayofuata yeye kapendeza, kanyoa nywele mtindo mpya, anacheka kwenye simu, ana marafiki wapya, mzigo umemtoka, anang'aa kama kijana wa miaka kumi na saba, na wewe uko msibani. Msiba wenyewe hauna maiti wala hauna wageni. Ukinuna anakwambia kwani hutaki niwe na furaha? Ukilia anakuwa na hatia, akiwa na hatia anakasirika, akikasirika unamwomba msamaha wewe! Nimeyaona hayo kwangu na nimeyasikia kwa wengine karibu neno kwa neno.

Ushauri wangu hapo ni kumwambia wazi: wewe ulikuwa na miaka, mimi nipe muda. Usikubali kuamua lolote kubwa kwenye zile wiki za mwanzo. Usisaini karatasi yoyote, usiuze kitu, usihamishe hela kimya kimya, usiende kwa wakwe kulipua bomu. Lala vyumba tofauti kama inasaidia, au lala chumba kimoja kama ndo inasaidia, wapo waliolia wakiwa wamekumbatiana na mtu yule yule aliyewaliza na hakuna ajabu. Kula hata kama chakula hakishuki. Na kama unafika mahali unafikiria kujidhuru, hapo sio tena suala la ndoa, nenda hospitali au kwa mtu wa karibu usiku huo huo.

Kuhusu transjenda, mshauri wenu kwenye jibu lake alichanganya mambo, akaandika kana kwamba mume shoga na mume anayesema yeye ni mwanamke ni mtu mmoja. Sio. Mmoja anazungumzia anampenda nani, mwingine anazungumzia yeye mwenyewe ni nani. Mume akisema yeye ni mwanamke inawezekana bado anampenda mke wake yule yule na anataka kukaa naye, na hapo ndo penye ugumu wake, maana mke hana hata pa kushika hasira. Namfahamu mama mmoja yaliyomkuta haya, sitamtaja, alikuwa anasema mimi sijaachwa, mimi naambiwa mume wangu hayupo na mtu anayeniambia ni yeye mwenyewe, kakaa hapo mezani. Alafu anajiuliza nikibaki naye mimi nakuwa nani? Watu wataniita nani? Mbona mimi sijabadilika?

Na kuna mambo ya mwili ambayo mke ana haki ya kuyajua kabla hayajaanza, sio baada. Mtu akianza homoni za kike, hamu ya tendo mara nyingi inashuka, matiti yanakua, na mbegu za uzazi zinapungua na zinaweza zisirudi, kwa hiyo kama bado mnataka mtoto suala la kuhifadhi mbegu linaongelewa kabla. Anayeanza homoni za kiume sauti inakuwa nzito na haitarudi ilivyokuwa hata akiacha, ndevu zinaota, hedhi kwa kawaida inasimama. Haya hayatokei kwa usiku mmoja, ni miezi na miaka, na hapo katikati mke au mume anaweza kusema hapa naweza, hapa siwezi. Kusema siwezi sio chuki. Mtu aliyezaliwa anavutiwa na wanaume hawezi kulazimishwa avutiwe na mwanamke kwa sababu tu walifunga ndoa, maana hiyo ndo hoja ile ile ya yule aliyefunguka, imegeuzwa tu upande.

Wapo waliobaki. Jan Morris, yule mwandishi na mwanahistoria wa Uingereza aliyepanda na msafara wa Everest mwaka 1953 akiwa mwandishi wa habari kwa jina la James, alimuoa Elizabeth mwaka 1949 na wakazaa watoto watano. Mwaka 1972 akafanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia huko Casablanca, Moroko, maana madaktari wa kwao walimtaka amuache mke kwanza ndo wamfanyie. Baadaye sheria ya wakati ule ikawalazimu watalikiane, wakatalikiana kwenye makaratasi na wakaendelea kukaa pamoja nyumba moja, mpaka 2008 wakaandikishwa tena kisheria kama wenza, na wakaishi hivyo mpaka Jan alipofariki 2020. Mwaka huo huo wa 2008 mahakama ya katiba ya Ujerumani ikasema serikali haiwezi kumlazimisha mtu aliye kwenye ndoa achague kati ya ndoa yake na kutambuliwa jinsia yake. Simwambii mtu yeyote awe Elizabeth. Nasema tu kwamba hata hilo limewahi kuwezekana, na waliolipinga zaidi hawakuwa wale wawili.

Haya, siri. Hapa ndo nilipotaka kufika.

Mtu akikufungukia, yeye katoka kwenye kificho na wewe umeingia. Hakuna anayelifikiria hili. Siku moja ulikuwa mtu wa kawaida unayejibu salamu, siku ya pili unadanganya. Unamdanganya mama yako kwenye simu kwamba wote wazima. Unadanganya kazini kwanini macho mekundu. Wakwe wanauliza mbona shemeji haji siku hizi, unatunga safari. Na wewe hukuchagua, yeye angalau siri ilikuwa ya kwake, wewe umekabidhiwa. Alafu anakuja mshauri wa gazeti anakwambia siri ya ndoa isitoke nje.

Najua kwanini watu wanaogopa na woga wenyewe ni wa haki. Kuna nchi 60 hivi duniani ambako sheria inamfunga mtu kwa hili, nyingine mpaka kifo. Hata pasipo na sheria kuna kazi, kuna nyumba ya kupanga, kuna ndugu wenye mikono mikali. Neno lako moja la hasira kwenye grupu la WhatsApp la familia linaweza kumfikisha mzazi wa watoto wako mahali ambapo hamtaweza kumtoa, na watoto watakapokuwa wakubwa watajua ni nani aliyeliandika. Kwa hiyo nyinyi mliomwambia yule dada amtangaze mumewe, mlimwambia afanye kitu asichoweza kukirudisha, na hakuna hata mmoja wenu atakayekuwepo wakati wa kulipa.

Lakini kati ya kila mtu na hakuna mtu kuna nafasi kubwa sana. Mimi nilimwambia mke wangu: siri yako nitaitunza, lakini hii sasa ni habari yangu pia, na mimi nahitaji mtu. Tukabishana. Yeye alitaka nisimwambie yeyote kabisa, mimi nikasema hapana, utachagua mimi ninyamaze au uniache niwe mzima, vyote viwili haviendi. Mwisho tukakubaliana majina mawili, mtu mmoja wa kwangu ambaye hana undugu na yeye, na kaunsela. Hao niliweza kuwaambia kila kitu, hata yale ya aibu. Wengine wote walisikia tuna matatizo ya ndoa, na hilo lilikuwa kweli.

Namna ya kumchagua huyo mtu, kwa nilivyoona: asiwe mama yako, maana mama atamchukia mkwewe hadi kaburini hata kama wewe umeshasamehe. Asiwe mtu anayehitaji kumsimulia mwenzie ndo alale. Asiwe mwenye kutaka kuoa au kuolewa na wewe. Na asiwe mtoto wako, hata kama ana miaka ishirini na anaelewa. Kaunsela naye muulize kwanza kabla hujamwaga yote, mwambie nina jambo hili la mwenzangu, wewe unalionaje? Akianza kukuhubiria kuhusu mwenzio badala ya kukuuliza wewe ukoje, toka. Hivyo hivyo akianza kukwambia ushangilie.

Kuna mama mmoja Marekani, Amity Pierce Buxton, alikuwa mwalimu, mumewe alimfungukia miaka ya 1980. Akagundua msaada wote uliopo ni wa yule aliyefunguka, wa mke au mume hamna. Akaanza kukusanya wenzake mmoja mmoja, ikazaliwa Straight Spouse Network, mtandao ambao siku hizi unaitwa OurPath na unawaunganisha waume na wake wa nchi mbalimbali. Alichokuwa anakifanya ni kitu kidogo mno ukikiangalia, kumkutanisha mtu na mtu mwingine aliyepitia, basi. Yeye ndiye aliyekuwa anasema kwamba kwa wale aliokutana nao karibu theluthi moja wanaachana mara moja, theluthi nyingine wanakaa mwaka mmoja au miwili wakijipanga alafu wanaachana, na theluthi ya mwisho wanajaribu kuiendesha ndoa kwa makubaliano mapya, na kati ya hao nusu ndo wanaofika mbali. Makubaliano yenyewe ni ya kila aina, wengine wanaishi kama ndugu, wengine wanafungua ndoa, mimi nisingeweza lakini sio kazi yangu kumpimia mtu.

Ukitaka kujua mtu asiyekuwa na nafasi ya kusema anafananaje, tafuta picha za Agosti 2004, siku gavana wa jimbo la New Jersey huko Marekani, Jim McGreevey, alipotangaza mbele ya kamera kwamba ni shoga na anajiuzulu. Mkewe Dina kasimama pembeni, kavaa vizuri, anatabasamu lile tabasamu la kubandika. Dunia nzima ilimjadili gavana. Au rudi nyuma zaidi, Constance, mke wa Oscar Wilde, yule mwandishi wa Ireland. Mumewe alipofungwa 1895 kwa mapenzi na wanaume, yeye akabadilisha jina la ukoo, lake na la watoto wake wawili, akahamia ugenini, na 1898 akafariki huko Genoa akiwa na miaka 39. Kila mtu anamjua Oscar. Nyinyi wenyewe kwenye gazeti, muulizeni mhariri wenu wa habari mwisho kumwandika mke wa mtu kama huyo ilikuwa lini, mkimwandika mnamwandika kama pambo la habari ya mume.

Na hapa sitaki kueleweka vibaya. Pale ambapo dunia inampigia makofi aliyefunguka, mwenzake anasahaulika, na pale ambapo dunia inamrushia mawe, mwenzake naye anapata mawe yake, ulijua, ulikuwa unafunika, na wewe bila shaka ndo hivyo hivyo. Sijaona mahali ambapo anaulizwa umekula?

Watoto, nao kidogo. Waambieni nyinyi wenyewe kabla hawajasikia nje, mkiwa wawili kama mnaweza kukaa chumba kimoja bila kurushiana maneno. Mtoto mdogo hahitaji mhadhara, anataka kujua atalala wapi, nani atampeleka shule, na kama yeye ndiye kasababisha. Mkubwa atakasirika, tena anaweza kukukasirikia wewe uliyebaki badala ya yule aliyeondoka, na wala usishindane naye. Wa kwangu mmoja alinyamaza muda mrefu sana, siku aliyofungua mdomo aliuliza kama bado tutakuwa tunatumia jina moja la ukoo. Msimfanye mtoto mpelelezi, leo mama alikuwa na nani, wala msimfanye sanduku la siri, usimwambie shuleni usimwambie bibi, bila kumpa hata mtu mmoja ambaye anaruhusiwa kumwambia. Ni kosa lile lile la mshauri wenu, tumelishusha tu kwa mtoto.

Sisi tuliachana. Ilichukua muda na hakukuwa na mwizi wala askari. Tunalea pamoja, tunapigiana simu kuhusu ada na homa, siku nyingine tunacheka. Siku nyingine nikiona jina lake kwenye simu tumbo linakaza. Nilipojaribu kuwa na mtu mwingine nilijikuta namkagua kila anachosema, akimsifia mwanamke mwenzie nguo nami nahesabu, mpaka siku moja akaniuliza unaogopa nini hasa, nikamwambia. Alikuwa mtu wa tatu kujua. Mke wangu wa zamani nilimpigia kwanza kumwomba ruhusa, akasema mwambie tu, siku hizi hata mimi nimechoka kuhesabu wanaojua.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri, ninachowaomba hakina gharama. Mshauri wenu amwandikie yule dada tena. Amwambie sio yeye aliyesababisha, akapime, asisaini kitu, amwombe mume wakubaliane ni nani mmoja au wawili dada anaruhusiwa kuwaambia, na kama mume anakataa kabisa hata mmoja basi dada achague mwenyewe mtu mwenye kifua, maana siri ya mtu mwingine haiwezi kupewa nguvu ya kukuua.

Na jingine ni la kwenu nyinyi wahariri. Barua ile mliichapisha na kazi ya mume, idadi ya watoto na umri wao, mwaka waliofunga ndoa, na kwamba mume ana kovu kichwani. Jina mliliondoa, ndio. Sasa mtu wa mtaa ule anahitaji jina la nini? Kama mnaendelea kupokea barua kama hizo, na mtapokea, badilisheni kazi, badilisheni idadi ya watoto, ondoeni makovu, alafu mpigieni aliyeandika mumsomee kabla haijaenda kuchapwa. Ya kwangu mimi nimeshayabadilisha mwenyewe kabla ya kuwatumia.

Ni mimi msomaji wenu,
(Jina ninalo, naomba lisitoke)